Maziwa Huanzia Mdomoni



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike juu ya swali ambalo limeulizwa katika mikutano yetu mara nyingi kuliko lolote lingine baada ya lile la ada: kwa nini ng'ombe wa kisasa tunaowanunulia jamaa huko nyumbani hawatoi maziwa tuliyoyatazamia? Tunachanga, tunatuma, mtamba ananunuliwa na picha yake inaletwa. Miezi ikipita tunasikia kwamba ndoo haijai.

Nimekubali kuandika kwa kuwa kazi hii naifahamu kidogo. Nilisomea mifugo Tengeru, nikawa bwana mifugo mkoani Kagera, na nilipofika Ubelgiji nilifanya kazi miaka kadhaa katika shamba la ng'ombe wa maziwa upande wa Pajottenland, magharibi ya Brussels. Nimemkamua ng'ombe wa kijijini kwa mikono na nimewafunga ng'ombe wa hapa mashine za kukamulia. Kwa hiyo nimeona pande zote mbili, na nimegundua kwamba jibu la swali letu si gumu. Ng'ombe wengi tunaowanunua hawana ugonjwa, wala hawakurogwa. Wanakosa protini, yaani ile sehemu ya chakula inayojenga mwili, ambayo sisi wanadamu huipata katika maharagwe, samaki, mayai na nyama. Na protini hiyo inaweza kupandwa kwenye mpaka wa shamba kwa fedha kidogo sana kuliko bei ya ng'ombe mwenyewe.

LAWAMA ZINAZOTOKA KWENYE NDOO

Jambo hili si la maziwa peke yake, ni la undugu pia. Nitatoa mfano wa jamaa zetu wawili bila kuwataja majina. Kaka yuko hapa Brussels, dada yake yuko kijijini wilayani Karagwe. Kaka alifanya kazi za usiku akaweka akiba, akatuma fedha, dada akanunua mtamba chotara wa Friesian. Muuzaji alisema atatoa lita 12 kwa siku. Alipozaa alitoa lita 7, na baada ya miezi miwili zikabaki 4. Kaka akapiga simu na kuuliza zile lita nyingine 8 zinauzwa wapi. Dada hakujibu, alikata simu, na kwa muda wa karibu mwaka mzima hawakusemezana. Shangazi yao akaanza kutaja majina ya majirani wenye husuda.

Nilipokwenda likizo nilipita pale. Nilimkuta ng'ombe ana tumbo kubwa, mbavu zinahesabika, na kinyesi chake ni kikavu na kigumu. Mbele yake kulikuwa na mabingobingo marefu kumpita mtu, yamekauka shina kama mianzi. Dada alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuyakata, anayabeba kichwani mizigo miwili kwa siku. Hakuna aliyekuwa mvivu pale, wala hakuna lita iliyoibwa. Ng'ombe alishiba kila siku na kila siku alibaki na njaa. Nitaeleza jambo hilo linavyowezekana.

TUMBO LA NG'OMBE

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza na kikubwa kuliko vyote huitwa rumeni, na katika ng'ombe mkubwa huweza kubeba lita 100 na zaidi. Mfano wake ni mtungi wa kuchachushia togwa. Ndani yake wanaishi viumbe wadogo wasiohesabika, wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaoyameng'enya majani. Bila wao ng'ombe angekula nyasi na kufa njaa kama ambavyo mtu angekufa akila nyasi.

Viumbe hao nao wanataka chakula chao. Wanataka nguvu, ambayo wanaipata katika nyuzi, wanga na sukari ya majani, na wanataka naitrojeni, ambayo imo ndani ya protini. Wakivipata vyote viwili kwa pamoja wanazaliana kwa wingi, kisha wanasukumwa na chakula hadi vyumba vya mbele, na huko wao wenyewe wanameng'enywa. Zaidi ya nusu ya protini anayoitumia ng'ombe kwa kawaida hutokana na miili ya viumbe hao. Basi anayemlisha ng'ombe anawalisha kwanza wale wadogo walio ndani yake.

Mwanasayansi mmoja wa Finland, A. I. Virtanen, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945, alilithibitisha jambo hili kwa namna ya ajabu. Katika miaka ya 1960 aliwalisha ng'ombe chakula kisicho na protini hata kidogo. Naitrojeni yao ilitoka kwenye urea na chumvi za amonia tu. Viumbe wa rumeni waliigeuza kuwa protini, na baadhi ya ng'ombe wale walitoa zaidi ya kilo 4000 za maziwa kwa mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966.

Lakini nawasihi sana, mtu asisome habari hii akampigia jamaa yake simu amnyweshe ng'ombe urea ya mbolea! Ng'ombe asiyezoeshwa pole pole, au anayepewa nyingi kwa mara moja, hufa siku hiyo hiyo. Kazi ya urea ifanywe mbele ya mtaalamu wa mifugo.

Sasa turudi Karagwe. Majani yakiwa na protini chini ya sehemu 7 katika 100 za uzito wake mkavu, viumbe wa rumeni wanapungua. Kazi ya kumeng'enya inazorota, majani yanakaa tumboni muda mrefu, na kwa kuwa tumbo halijapata nafasi ng'ombe hali tena. Ndiyo maana unamwona ametuna tumbo huku mgongo unatoka mifupa. Mwanzoni baada ya kuzaa anatoa maziwa kwa kuitumia nyama yake mwenyewe na mafuta ya mwili wake. Akiba hiyo ikiisha, maziwa yanashuka. Mwili ukizidi kukonda, haonyeshi dalili za joto kwa wakati wake, hashiki mimba, na mwaka unapita bila ndama. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Walikuwa wameyaona haya kwa macho yao, ila hawakuwa na mizani ya kupima majani.

HESABU YA ZIZINI

Mizani hiyo sisi tunayo, kwa hiyo tupige hesabu. Takwimu hizi ni za kukadiria, lakini zinatosha kuonyesha njia.

Tuchukue ng'ombe wa kilo 400. Kwa siku anakula majani ambayo ukiyaondolea maji yote yanabaki kilo 10. Ili aishi tu, bila kutoa hata tone la maziwa, anahitaji kama gramu 320 za protini. Kisha kwa kila lita ya maziwa anahitaji nyingine kama gramu 85. Lita yenyewe ina gramu 33 hivi za protini, na zilizobaki zinapotea njiani katika mkojo na kinyesi.

Mabingobingo yaliyokomaa kama yale niliyoyakuta Karagwe yana protini sehemu 6 katika 100. Kilo 10 zinatoa gramu 600. Ukitoa 320 za kuishi, zinabaki 280, nazo zinatosha lita 3 na kidogo. Sasa chukua mabingobingo yale yale, yamekatwa yakiwa machanga, urefu wa kama mita moja. Yana sehemu 9 hadi 10. Kilo 10 zinakaribia gramu 1000, zinabaki 680, na hizo ni za lita 8. Ng'ombe hakubadilishwa, wala shamba halikuongezwa. Kilichobadilika ni siku ya kukata.

Kwa wale wanaopenda kubandika karatasi ukutani, hivi ndivyo vyakula vya kwetu vinavyosimama, kwa makadirio ya protini katika kila sehemu 100 za uzito mkavu:

Mabua ya mahindi: 4 hadi 5
Mabingobingo yaliyozeeka: 6
Mabingobingo machanga: 9 hadi 10
Pumba za mahindi: 10 hadi 12
Desmodiamu: 15 hadi 18
Majani ya viazi vitamu: 16 na zaidi
Majani ya kaliandra na ya mlusina: 22 hadi 25
Machicha ya bia: kama 25
Mashudu ya alizeti yenye maganda: 25 hadi 30
Mashudu ya pamba: 30 hadi 40
Mashudu ya soya: 44 na zaidi

Migomba, ambayo wengi wetu tumeizoea kama malisho ya kiangazi, haimo katika orodha hii kwa makusudi. Shina la mgomba ni maji karibu yote. Linakata kiu na kujaza tumbo, ila protini yake ni kidogo mno.

Naomba pia jambo moja lieleweke. Protini peke yake haitoshi. Asiyekuwa na nguvu ya kutosha, yaani wanga na nyuzi laini, ataikojoa protini nje. Na maji ndiyo chakula cha kwanza, kwa sababu maziwa ni maji kwa sehemu 87 katika 100. Ng'ombe wa lita 10 anayeletewa ndoo mbili za maji kwa siku hawezi kutoa lita 10, hata umpe nini.

WENYEJI WETU HAPA UBELGIJI

Watoto wetu waliozaliwa hapa hudhani maziwa yanatoka Delhaize au Colruyt. Siku moja ya mapumziko niliwapeleka kadhaa kwa metro mpaka kituo cha Erasme, tukatembea kuelekea Neerpede, ambako bado kuna mashamba ndani ya Anderlecht, wakaona malisho na ng'ombe. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini ng'ombe wa hapa ni wanene na wa bibi ni wembamba. Nilimjibu kwamba wa hapa wana bwana anayewapimia chakula.

Ng'ombe mzuri wa Holstein wa hapa hutoa lita 30 kwa siku na zaidi. Ili afike hapo anakula kama kilo 3 za protini kila siku. Chakula chake kikubwa ni saileji ya mahindi na ya majani. Saileji ya mahindi ina nguvu nyingi, lakini protini yake ni sehemu 7 au 8 tu. Kwa hiyo mkulima anaongeza machicha kutoka viwanda vya bia, mashudu ya kolza, na hasa soya. Pale nilipofanya kazi, lori la machicha lilifika likiwa bado linatoa mvuke, na ng'ombe waliisikia harufu yake kabla yetu.

Soya hiyo kwa sehemu kubwa haitoki Ulaya. Inavuka bahari kutoka Brazil, Argentina na Marekani. Ulaya iliutambua udhaifu huo mwaka 1973, serikali ya Marekani ilipozuia kwa muda soya yake isiuzwe nje, na wafugaji wa huku wakabaki wanatazamana. Baadaye lilikuja suala la misitu ya Brazil, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha hapa Brussels sheria ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, soya ikiwa mojawapo. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja.

Tena kuna upande wa pili ambao sisi hatuufikirii. Kati ya naitrojeni yote anayokula ng'ombe wa maziwa, kama robo tu ndiyo inayoingia katika maziwa. Iliyobaki inatoka kwa mkojo na kinyesi, na sehemu yake inapaa hewani kama amonia na kuangukia misitu na mbuga. Hapa Flanders ng'ombe, nguruwe na kuku ni wengi katika nchi ndogo, na jambo hili limekuwa kesi na siasa. Mwezi Februari 2021 baraza la Flanders la mashauri ya vibali lilitoa hukumu iliyotikisa vibali vya wafugaji, na Januari 2024 bunge la Flanders likapitisha sheria ya naitrojeni. Mtakumbuka matrekta yaliyojaa Place du Luxembourg, mbele ya Bunge la Ulaya, tarehe 1 Februari 2024. Malalamiko ya wakulima yalikuwa mengi, bei na mikataba ya biashara ikiwemo, lakini masharti ya naitrojeni nayo yalikuwemo.

Basi wenyeji wetu wanapimiwa ili wasizidishe. Hata maziwa yao hupimwa kiasi cha urea, maana urea ikizidi katika maziwa ni ishara kwamba protini inapotea bure. Sisi kwetu tatizo ni uhaba. Lakini kanuni ni ile ile: anayepima chakula ndiye anayejua kwa nini ndoo imejaa au haikujaa. Hilo ndilo la kujifunza kwao. Soya ya kuvuka bahari hatuna haja ya kuiiga.

MAGUNIA YA KUTAHADHARI NAYO

Mtu akisikia habari ya protini, wazo lake la kwanza ni kutuma fedha za magunia ya chakula cha dukani. Sikatazi, ila nakumbusha yaliyotokea hapa hapa.

Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya waliwapa ng'ombe unga wa nyama na mifupa kwa ajili ya protini. Ukatokea ugonjwa wa ng'ombe vichaa, ambao ulienezwa na unga huo. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kuwalisha wanyama wacheuao unga wa mamalia mwaka 1994, na mwanzoni mwa 2001 ukakataza unga wa namna hiyo kwa mifugo yote inayoliwa. Baadaye masharti yalilegezwa kidogo kwa nguruwe na kuku, lakini kwa ng'ombe marufuku ilibaki. Tena mwaka 1999, wale waliokuwa wamekwisha fika Ubelgiji watakumbuka jinsi kuku na mayai yalivyoondolewa madukani. Mafuta yaliyotiwa katika vyakula vya mifugo yalikuwa yamechafuliwa, na sumu ya dioksini ikaingia katika chakula cha watu. Serikali ya wakati ule ilishindwa katika uchaguzi wa Juni mwaka huo.

Ikiwa katika nchi yenye wakaguzi na maabara mambo hayo yametokea, kijijini kwetu tuwe macho zaidi. Gunia huweza kutiwa mchanga au maranda, na mnunuzi haoni kitu. Hatari kubwa zaidi ni ukungu. Mashudu na mahindi yaliyooza huwa na sumukuvu. Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hiyo hupita katika maziwa mpaka kwa mtoto anayeyanywa. Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo chakula ambacho mama hawezi kuwapa wanawe kwa sababu ya ukungu, asimpe ng'ombe akidhani tumbo lake ni la jalala. Na mashudu ya pamba, pamoja na uzuri wake, asipewe ndama mchanga, yana kitu kinachomdhuru.

MITI YA EMBU

Kuna njia nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika makala haya.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa mifugo na wa misitu wa Kenya pamoja na kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu cha Nairobi walifanya kazi na wakulima wadogo wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Walijaribu kichaka kiitwacho kaliandra, ambacho asili yake ni Amerika ya Kati. Kinastahimili kukatwa tena na tena, kinachipua, na majani yake yana protini nyingi. Waliona kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mkulima anaweza kumpa ng'ombe wake kilo 6 kwa siku, na vichaka 500 vinatosha ng'ombe mmoja kwa mwaka mzima.

Vichaka 500 vinasikika vingi, lakini vikipandwa kila nusu mita ni mstari wa mita 250. Shamba la ekari moja lina mzunguko unaozidi huo. Havikupandwa mahali pa mahindi wala maharagwe. Vilipandwa kwenye mipaka, kando ya njia na juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Vinatoa pia kuni, maua yake yanapendwa na nyuki, na vinarutubisha udongo. Wengine waliongeza maziwa juu ya yale waliyokuwa wakiyapata, wengine waliacha kununua magunia na maziwa yakabaki pale pale huku fedha ikibaki mfukoni. Kilo 6 hizo huongeza lita moja na zaidi kwa siku. Si muujiza, lakini kwa ng'ombe anayekamuliwa siku 300 ni lita 300 na zaidi kwa mwaka. Hizo ni ada ya mtoto wa shule au kikombe cha kila asubuhi cha nyumba nzima.

Kaliandra ipewe ikiwa mbichi, kwa sababu ikikaushwa baadhi ya protini yake haimeng'enyeki vizuri. Mlusina nao ni mzuri na uko kila mahali Tanzania na Kenya, lakini una sumu yake kidogo, kwa hiyo usizidi theluthi moja ya chakula. Majani ya muhogo yana protini nyingi, ila yanyaushwe kwanza juani. Desmodiamu inapandwa katikati ya mistari ya mabingobingo na kutambaa chini yake, na vyote viwili vinakatwa pamoja.

Kwa jamaa zetu wa Kivu nina neno la ziada. Vita vya tangu miaka ya 1990 vimekula ng'ombe wengi sana, kuanzia Masisi hadi nyanda za juu za Uvira, na mwaka 2025, Goma na Bukavu ziliposhikwa, wengi walipoteza hata kidogo kilichokuwa kimebaki. Siwezi kumwambia mtu anunue ng'ombe mahali ambapo hajui kama atalala naye mpaka asubuhi. Lakini ua wa kaliandra au wa mlusina hauswagwi usiku. Mwenyewe akikimbia na kurudi baada ya msimu, ataukuta umerefuka, na mbuzi wawili au sungura wataanza upya hapo.

TUFANYE NINI

Yafuatayo ni mapendekezo yangu kwa kila nyumba yenye nia ya kutuma ng'ombe.

Kwanza, tupande kabla ya kununua. Miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe ilikuwa na desturi nzuri: familia ilijenga banda na kupanda malisho kwanza, ndipo ilipopewa mtamba, na ndama jike wa kwanza akaenda kwa familia nyingine. Sisi tufuate hivyo hivyo. Fedha ya kwanza iwe ya mbegu, miche na vibarua wa kuchimba mashimo. Ng'ombe afuate baada ya mwaka mmoja, wakati vichaka vimeshika.

Pili, tutume vifaa vidogo vya kupimia: mizani ya kuning'iniza, ndoo yenye alama za lita, na daftari. Jioni iandikwe tarehe, lita za asubuhi na za jioni, na alichokula. Mkipigiana simu, mtazungumza juu ya daftari hilo, na tuhuma zitakosa pa kukaa.

Tatu, mabingobingo yakatwe yakifika mita moja, kila wiki 6 hadi 8, na yakatwe vipande vifupi. Anayebeba ni mara nyingi mama au dada yetu. Basi mzigo anaoubeba uwe na faida. Kubeba mashina matupu ni kumchosha bure.

Nne, maji yawepo mbele ya ng'ombe mchana na usiku. Ikiwa fedha ni ya kitu kimoja tu, kati ya ng'ombe wa pili na tangi la kuvunia maji ya mvua, mimi nitachagua tangi.

Tano, tuwaulize walio karibu. Kuna TALIRI Tanzania, KALRO Kenya, ISABU Burundi, RAB Rwanda, na INERA ya Mulungu karibu na Bukavu, na katika wilaya kuna mabwana na mabibi mifugo. Wao wanajua mmea upi unafaa udongo upi. Mimi niliye Brussels siwezi kulijua shamba la kila mtu.

Yule dada wa Karagwe alianza na lile la kukata mapema, maana halikuwa na gharama. Kisha akaongeza majani ya viazi vitamu ambayo zamani yalitupwa, akapanda desmodiamu, na mipakani akapanda kaliandra. Alipozaa tena yule ng'ombe, alifika lita 8 na akakaa hapo kwa miezi. Hazikuwa zile 12 za muuzaji, lakini zilikuwa za kweli na zimeandikwa katika daftari. Kurasa za daftari hilo zilipigwa picha na kuletwa hapa Brussels bila neno lolote. Kaka alizitazama, kisha akampigia simu dada yake. Walichozungumza ni chao wenyewe. Ninachojua ni kwamba mwezi uliofuata aliyepewa fedha ni fundi wa tangi la maji.

Mwenye swali anione katika mkutano wa jamaa wote, nitakuja na orodha ile ya vyakula niwagawie. Na wazee wanaokumbuka majina ya majani ya malisho katika lugha zetu za nyumbani, tafadhali waniandikie, ili tuyaweke katika kitabu cha mwaka ujao kabla hayajasahaulika.

Nawatakia nyote afya njema, na heri kwa walioko nyumbani wanaobeba majani.